Gestetner alikuwa mtu: habari za mashine ya stensili na vikundi vyetu



Juzi tulikuwa tukisafisha stoo ya parokia moja katika eneo la Meru, ili vikundi vipate mahali pa kuweka mizani na magunia ya maharagwe. Nyuma kabisa, chini ya mabati ya zamani, tulikuta mashine ya chuma. Ni nzito, watu wawili waliibeba kwa taabu. Ina mkono wa kuzungusha kama cherehani ya mkono, na ndani yake kuna wino mweusi uliokauka ukawa kama lami. Kijana mmoja wa sekondari aliyekuwa akitusaidia alifuta vumbi, akasoma maandishi ya ubavuni polepole: Gestetner. Halafu akauliza, "Mwalimu, hii ilikuwa ya kusaga nini?"

Tulicheka, lakini kwa kweli kijana hana kosa. Alizaliwa wakati mashine hizi zimeshaondoka. Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya 1980 na 1990 tunazikumbuka vizuri sana. Mitihani ya mock ilitoka humo. Karatasi ilikuja ikiwa na harufu ya wino, na ukiishika kabla haijakauka unaondoka na swali la nne kwenye kidole gumba. Herufi "o" mara nyingi ilikuwa tundu jeusi tupu, na tutaeleza sababu yake hapa chini. Nyimbo za Krismasi, ratiba za jumuiya ndogo ndogo, barua za kuitisha harambee, hata jarida la maendeleo kama hili, yote yalizungushwa kwa mkono ule.

Wengi wetu tulidhani Gestetner ni jina la mashine tu, kama vile mtu anavyosema Kimbo akimaanisha mafuta yoyote ya kupikia. Kumbe alikuwa mtu, na maisha yake yana mambo ya kuwafaa wana vikundi, kwa sababu alianza akiwa kijana anayechoshwa na kazi ambayo makatibu wetu wanaijua sana: kunakili.

Kijana aliyechoka kunakili

David Gestetner alizaliwa mwaka 1854 katika mji mdogo wa Csorna, nchini Hungaria. Hakukaa shuleni muda mrefu. Akiwa bado mvulana alikwenda kufanya kazi kwa jamaa yake, kisha akaenda Vienna, mji mkuu wa Austria, akaingia katika shughuli za soko la hisa. Huko, kila siku jioni, ilibidi habari za biashara ya siku hiyo zinakiliwe kwa watu wengi. Leo tungesema ni barua moja yenye watu hamsini wa kupelekewa. Kulikuwa na njia ya kunakili kwa kutumia ubao wa gundi laini kama jeli: unaandika kwa wino mzito, unalaza karatasi juu ya gundi, wino unaingia, halafu unalaza karatasi nyingine na maandishi yanatoka. Lakini nakala zilififia haraka. Baada ya dazeni kadhaa husomi kitu.

Soko la Vienna lilianguka mwaka 1873 na watu wengi walipoteza mali. Gestetner naye alihama, akavuka bahari hadi Marekani. Inasimuliwa kwamba huko Chicago aliuza vishada barabarani, yaani zile tiara ambazo watoto hurusha wakati wa upepo. Vishada vyenyewe vilitengenezwa kwa karatasi ya Kijapani, nyembamba lakini ngumu, yenye nyuzi ndefu. Hapo ndipo wazo lilipoanza kumea. Karatasi ya namna ile ukiipaka nta, wino haupiti. Ukikwaruza nta mahali, wino unapita hapo tu.

Mwaka 1879 alikuwa London, ameajiriwa katika duka la karatasi na vifaa vya ofisi. Miaka miwili baadaye, 1881, alipata hati ya uvumbuzi kwa kalamu yake. Kalamu hiyo haikuwa na wino. Ncha yake ilikuwa na gurudumu dogo sana lenye meno, na ukiandika, gurudumu linazunguka na kutoboa karatasi ya nta vitundu vidogo vidogo vinavyofuatana. Akaiita saiklostaili, kutokana na maneno ya Kigiriki ya duara na kalamu. Basi wazee wetu waliposema "peleka ikasaiklostailiwe", walikuwa wakitaja kagurudumu hako bila kujua.

Si kwamba alikuwa peke yake. Huko Marekani, Thomas Edison, yule wa taa za umeme, alipata hati mwaka 1876 kwa kalamu ya umeme iliyotoboa karatasi kwa sindano inayopanda na kushuka mbio. Ilihitaji betri yenye maji ya asidi, na makarani hawakuipenda. Mtu mwingine wa Chicago, Albert Blake Dick, alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Alikuwa akichoka kuwaandikia wenye viwanda vya mbao barua ile ile ya kuuliza wana mbao gani, akajitengenezea njia yake, akapatana na Edison, na mwaka 1887 akaanza kuuza mashine zake. Mnaona? Mmoja karani, mmoja muuza mbao. Waliotatua jambo hili ni watu ambao mikono yao ilikuwa inauma.

Mashine inavyofanya kazi

Tueleze kidogo, maana vijana hawajaiona. Stensili ni karatasi ile nyembamba iliyopakwa nta, imebandikwa juu ya karatasi ngumu. Katibu anaiweka kwenye taipureta, anaondoa utepe wa wino, halafu anapiga. Herufi za chuma zinagonga nta moja kwa moja na kuikata. Kwa kuwa "o" ni duara, ukiipiga kwa nguvu kipande cha katikati kinadondoka kabisa, na ndiyo maana tulikuwa tukiona matundu meusi kwenye mtihani. Ukikosea, kuna dawa ya kuziba, inanuka kama rangi ya kucha. Unapaka, unapuliza, unasubiri ikauke, unapiga tena. Mpiga chapa mzuri alijulikana kwa uchache wa madoa ya dawa hiyo.

Baada ya hapo stensili inavishwa kwenye mashine. Gestetner yenyewe ilikuwa na silinda mbili na kitambaa cha hariri kinachozizunguka zote mbili. Wino, unaotoka kwenye mrija kama dawa ya meno, unasambazwa na rola mpaka unaenea sawasawa. Ukizungusha mkono, karatasi nyeupe inapita chini, inabanwa, wino unapenya kwenye hariri, unapita pale nta ilipokatwa, na maandishi yanaonekana. Karatasi zilizotumika zilikuwa zile za kunyonya wino, zenye ukwaruzo kidogo. Karatasi laini ilipaka uchafu. Stensili moja ikitunzwa ilitoa mamia ya nakala, na mwenye mkono mzuri alivuka elfu.

Zingatieni jambo moja: umeme hautajwi popote hapo. Ziko mashine zilizotengenezwa baadaye zenye mota, lakini ile ya mkono haikudai chochote zaidi ya bega. Kwa sehemu kama Tharaka na Mbeere, ambako nguzo za stima zimefika juzi juzi tu, hili lilikuwa jambo kubwa kuliko uvumbuzi wote wa Ulaya.

Biashara ya Gestetner ilikua. Mwaka 1906 alifungua kiwanda Tottenham, London ya kaskazini, ambacho baadaye kilitoa kazi kwa maelfu ya watu. Mwaka 1929 kampuni ilimwita Raymond Loewy, Mfaransa aliyekuwa akiishi New York, aitengeneze mashine upya kwa sura. Ya zamani ilikuwa na gia zote nje, rola nje, na miguu minne ya chuma iliyochomoza, yenye kuwakwaza makarani waliokuwa wakipita. Loewy alichukua udongo wa kufinyangia, akaifunika mashine yote, akaipa umbo la kabati safi. Akina mama wafinyanzi wataelewa kazi hiyo vizuri. Gestetner mwenyewe alifariki mwaka 1939 huko Nice, Ufaransa.

Kwa nini ilikuwa na uzito

Kabla ya stensili, mtu akitaka nakala nyingi alikuwa na njia moja ya hakika: kiwanda cha chapa. Yaani herufi za risasi zinazopangwa moja moja, mashine kubwa, na fundi aliyejifunza kwa miaka. Kenya viwanda hivyo vilikuwa vichache, vingi mikononi mwa serikali, Wazungu, Wahindi wenye biashara, na misheni. Wamisionari wa Consolata, waliofika nchini mwaka 1902 na baadaye wakaja Meru, walikuwa na mashine za chapa huko Nyeri, na mwaka 1916 wakaanza gazeti la Kikuyu, Wathiomo Mukinyu. Lilisomwa sana. Lakini mkulima wa kawaida hangeweza kuingia pale na karatasi yake akasema nichapieni hii.

Mashine ya stensili iliondoa sehemu ya kizuizi hicho. Ilihitaji chumba kimoja, taipureta moja na mtu mmoja anayejua kusoma. Ndiyo maana serikali nazo ziliiangalia kwa jicho kali. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia magazeti madogo ya lugha zetu yaliota kama uyoga, na serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, mengi yalipigwa marufuku. Wazee wa Embu na Meru wanajua hali ya hatari ilikuwa nini; hatuna haja ya kuwasimulia. Tuseme tu kwamba katika miaka ile karatasi yenye maandishi mfukoni ilikuwa kitu cha hatari.

Na si wakoloni peke yao. Mwaka 2002, sisi tukiwa huru miaka karibu 40, sheria ya vitabu na magazeti ilibadilishwa, na dhamana ambayo mchapishaji wa gazeti alitakiwa kuweka ikapandishwa kutoka shilingi 10,000 hadi milioni moja. Kwa kampuni kubwa za Nairobi milioni moja si kitu. Kwa mtu anayetaka kuanzisha kijigazeti cha soko lake, ni mlango uliofungwa kwa kufuli.

Stensili haijafa

Kampuni ya Gestetner ilinunuliwa na Ricoh ya Japani katika miaka ya 1990. Kompyuta na fotokopi zilikuwa zimeshaingia. Lakini nendeni shule nyingi za sekondari leo wakati wa mitihani, mtasikia walimu wakisema "ipelekwe kwa Riso". Riso ni kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1946 na Noboru Hayama. Mashine yao, Risografu, kwa nje inafanana na fotokopi, hata unaweza kudanganyika. Ndani ni stensili ile ile ya babu. Inasoma karatasi yako, halafu badala ya taipureta kugonga nta, kuna kichwa chenye joto kinachotoboa utando mwembamba kwa vitundu visivyoonekana kwa macho. Utando unajiviringisha kwenye silinda yenye wino ndani, na karatasi zinapita mbio, zaidi ya mia moja kwa dakika.

Hapa kuna hesabu ambayo kila mweka hazina anafaa kuijua. Katika fotokopi, nakala ya kwanza na nakala ya mia zina bei moja. Katika Riso, gharama kubwa iko mwanzoni, kwenye ule utando. Baada ya hapo unalipia wino kidogo na karatasi. Ni kama mashine ya kusagia unga. Kuwasha injini kwa kibaba kimoja ni hasara, lakini ukiwa na magunia kumi umefaidi. Kwa hiyo ukitaka nakala tano za barua, nenda fotokopi. Vikundi kumi vikitaka fomu moja ya mikopo, nakala mia tatu, vikae pamoja, vikubaliane fomu iwe ya namna moja, na vitafute mwenye Riso. Tumeona vikundi jirani, kilomita mbili tu kati yao, kila kimoja kikilipa bei ya rejareja kwa fomu ambazo hata maneno yake ni yale yale. Jamani!

Stensili ina ndugu mwingine ambaye kikundi kinaweza kumtengeneza chenyewe. Ni kuchapa kwa wavu. Mwingereza mmoja wa Manchester, Samuel Simon, alipata hati ya njia hii mwaka 1907, akitumia hariri iliyokazwa kwenye fremu. Sisi tunatumia kitambaa chepesi cha nailoni, kile cha pazia kisichokuwa na maua. Tengenezeni fremu ya mbao ya kama futi moja na nusu kila upande. Kazeni kitambaa kwa misumari midogo mpaka kilie kama ngoma ukikigonga. Chukueni karatasi ngumu kidogo, mkate jina la kikundi kwa wembe, mwiweke chini ya wavu. Mwageni rangi ya kuchapia nguo upande mmoja, muivute mara moja kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Inueni. Stensili ya karatasi hulowa na kuharibika baada ya vitambaa dazeni chache, basi kateni mbili au tatu mapema. Osheni wavu kabla rangi haijakauka, la sivyo mtanunua kitambaa kingine.

Tunataja hili kwa sababu tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017, vikundi kadhaa vya akina mama vinashona mifuko ya nguo. Mfuko mtupu na mfuko wenye jina la kikundi haviuzwi bei moja. Ila tahadhari: kuchapa jina lenu kwenye lebo ya asali hakuwapi kibali cha ubora. Hicho ni cha shirika la viwango, KEBS, na kina njia yake.

Katiba ilikuwa kwenye mkoba

Tumalizie na jambo lililotufanya tuandike makala hii, maana mashine ile ya stoo ilitukumbusha tu.

Upande wa Mbeere kuna kikundi cha akina mama 24. Wanaweka akiba, wanakopeshana, wanafuga kuku. Katiba yao ni kurasa sita. Waliiandika zamani, wakaipeleka kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, wakapata cheti. Nakala moja ilibaki, na ilikaa kwenye mkoba wa katibu. Hakuna aliyeificha, ndivyo mambo yalivyokuwa. Mtu akichelewa mkutanoni alitozwa faini shilingi 50, akalipa, mkutano ukaendelea.

Tulipowatembelea kuwaeleza kuhusu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, ambayo inataka kikundi kinachojiandikisha kiwe na watu wasiopungua 10 na kiwe na katiba, tuliwauliza ni nani ameisoma katiba yao. Mikono mitatu iliinuka. Mama mmoja mzee akasema, "Mwanangu, sisi tunajua iko." Tukawashauri kila mmoja apate yake. Kurasa sita mara watu 24 ni kurasa 144. Fotokopi sokoni ilikuwa shilingi 5 kwa ukurasa, jumla 720, yaani shilingi 30 kwa kila mama. Walinung'unika kidogo, wakatoa.

Mwezi uliofuata tulipokwenda tena tulikuta kelele. Mama mmoja ambaye binti yake alimsomea katiba nyumbani alikuwa amesimama, ameshika ukurasa wa nne. Faini ya kuchelewa, kwa mujibu wa katiba, ilikuwa shilingi 20. Akauliza kwa upole kabisa, "Dada katibu, hizi thelathini zingine zilikwenda wapi?"

Katibu alijieleza. Alisema kiasi kilipandishwa mkutanoni, watu wakakubali kwa kupiga makofi, na pesa zote ziliingia kwenye sanduku. Mweka hazina alifungua daftari na kweli ziliandikwa. Lakini kumbukumbu za mkutano ule hazikupatikana, kwa sababu daftari la kumbukumbu la mwaka ule lililoshwa na mvua. Wengine walisema wanakumbuka makofi, wengine walisema hawakumbuki makofi yoyote. Tulikaa hapo saa mbili. Tulinyamaza sana, maana hii ilikuwa kazi yao.

Mwishowe walikata shauri. Faini ikawa shilingi 30, kura 19 kwa 5. Pesa zilizokusanywa zamani zikabaki kwenye sanduku, kwa kuwa zilikuwa zimeandikwa. Kumbukumbu za kila mkutano zitapigwa picha kwa simu ya katibu msaidizi siku hiyo hiyo. Na ukurasa wa nne ukachapwa upya kwa watu wote, nakala 24, shilingi 120, zikatolewa kwenye faini zenyewe. Katibu ni yule yule.